Kutengwa Mpaka Mavuno

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikisikia kijana amechaguliwa kuwaongoza wenzake. Jana ulipokuja na habari zako za uenyekiti nilikupongeza kama inavyopasa, lakini uliona nimenyamaza, ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa namwona baba mkwe wangu akitoka nyumbani kwetu na jembe begani, jua limeshapanda, na watu wote wanamtazama. Kaa hapo nikusimulie. Kama una haraka ya mkutano, mkutano utakungoja. Ndiyo faida ya cheo.

Nilikuwa nimeolewa, hata mwaka haujaisha, katika kijiji kilichojificha ndani huko, ukiiacha barabara ya Katoro kwenda Ushirombo. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa themanini. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, lakini bunduki hazikurudi zote zilikotoka. Sabuni hakuna, chumvi ni ya foleni, kiberiti ukikipata unakificha kama dhahabu. Moto tuliazimana kwa kigae, nyumba kwa nyumba. Na wezi wa ng'ombe walikuwa wakija na silaha, wanafungua zizi, wanaondoka na mali ya ukoo mzima, na kesho yake hakuna wa kumlalamikia. Ninyi mnasema nyakati hizi hazieleweki. Sikatai. Ila sisi tulikuwa tukilala na viatu, wale waliokuwa navyo.

Ndipo wanaume wakaunda ulinzi wao wa kijiji, wa pinde na mishale, na wakamchagua baba mkwe wangu, Mzee Mabula, awe mkuu wao. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Mkewe alikuwa amefariki. Mume wangu alikuwa machimboni upande wa Geita, akitafuta bahati yake mashimoni, na habari zake nilizipata kwa watu wapitao Katoro. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mzee, mimi, na wifi yangu mdogo, msichana wa kutumwa maji. Na unajua desturi yetu. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye, hasemi naye. Nikisikia anakohoa nilikuwa najibanza nyuma ya ghala. Chakula chake nilikipika mimi, akakipeleka wifi.

Mzee Mabula aliweka sheria moja. Mwano ukipigwa, lile yowe la kuitana, kila mwanamume atoke. Asiyetoka, yeye na nyumba yake wanatengwa mpaka mavuno. Hakuna kuwasalimia, hakuna kuwapa moto, hakuna kuwaazima kitu, hakuna kukanyaga kwao hata kukiwa na msiba, na atakayekanyaga, naye anatengwa na nyumba yake. Watu walitaka iwe faini ya ng'ombe, yeye akakataa. Alisema faini humkamata maskini peke yake, tajiri atalipa na kuendelea kulala. Tulimsifu sana kwa maneno hayo. Mimi mwenyewe nilijiona nimeolewa kwenye nyumba ya maana. Na wizi ulipungua, lazima niseme kweli.

Halafu ukapigwa mwano mmoja na jirani yetu Shija hakutoka. Mkewe, Minza, alikuwa ameshikwa na uchungu, na Shija ndiye aliyekuwa naye peke yake. Mtoto alizaliwa usiku uleule, wa kike. Kwenye mkutano Shija alieleza yote bila kuficha. Wengine walikuna vichwa, maana kila mmoja ana mke. Lakini Mzee Mabula alisema kwamba kila mtu ana sababu, na tukianza kuzipima sababu, mwano ujao atatoka nani? Shija na nyumba yake wakatengwa.

Hujawahi kuona kutengwa, mwanangu, na nakuombea usione. Hawapigi mtu, hawachomi nyumba. Minza alikuwa akifika kisimani na wanawake wote wananyamaza, wanasogea pembeni kama wamepisha mbuzi. Na mimi nilikuwamo kati ya hao. Tumbo langu lilikuwa limeanza kuonekana, nikawa naogopa hata kivuli chake.

Mtoto akaugua. Shija akazunguka akiomba baiskeli ampeleke hospitali ya misheni Ushirombo, na kila aliyekuwa na baiskeli akampa mgongo. Akaondoka kwa miguu, mtoto kifuani. Alirudi kesho yake asubuhi akiwa bado amembeba, ila alivyombeba tulijua.

Hakuna aliyekwenda. Kilio cha Minza kilikuwa kinasikika kaya zote, na sisi tumekaa kwenye vibaraza vyetu tukichambua mboga. Shija alianza kuchimba kaburi peke yake nyuma ya nyumba. Ndipo nikamwona Mzee Mabula anatoka, jembe begani, hakuangalia kushoto wala kulia, akaingia kwenye kaya ya Shija. Wakachimba wote wawili. Waliporudishia udongo, mzee alienda kisimani akanawa, kisha akatuma yowe lipigwe watu wakutane mchana uleule.

Sikuwapo kwenye mkutano, wanawake tulisimama mbali. Lakini sauti yake ilifika. Alisema amevunja sheria mbele ya kila mtu na amekuja kuhukumiwa. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha woga. Mzee mmoja akasema mkuu hatengwi, mkuu ndiye mwenye sheria, yaishe. Wengi wakaitikia. Hapo Mzee Mabula akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia.

"Sheria hii niliitunga mimi, nikidhani naitunga kwa ajili ya wezi. Kama mnanisamehe mimi, msameheni na Shija. Kama Shija hasameheki, basi na mimi msinisamehe."

Walijadiliana mpaka jua likashuka. Usiwadhanie kuwa walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu walioibiwa, wenye watoto, na ile sheria ndiyo kitu pekee walichokiona kimewasaidia. Waliogopa kwamba wakiilegeza mara moja, itakatika. Mwisho wakasema Shija abaki alivyo. Mzee akavua mkufu wa shanga aliovikwa siku alipochaguliwa kuwa mkuu, akauweka chini, akarudi nyumbani. Wakamchagua mwingine, mtu wa sauti kubwa. Na sisi tukatengwa mpaka mavuno.

Unaona mwanangu, hapa ndipo wasimuliaji wengi wangekuambia nilijaa fahari. Mimi nilijaa hasira. Nilikuwa na mimba ya kwanza, mume yuko mashimoni, mama yangu mzazi yuko mbali. Mkunga wa kijiji, aliyekuwa akinipapasa tumbo na kuniambia nitazaa vizuri kabla ya mtama kuiva, alipita mbele yangu siku ya pili akatazama juu kana kwamba ananusa mvua. Nililia mpaka wifi akaogopa. Nilimwona mzee amejitwalia heshima yake mbele za watu na bei yake ameniachia mimi. Jioni ile nilimpikia ugali mbichi makusudi. Wifi alirudi na chombo kitupu, akaniambia baba amekula wote na ameshukuru. Hilo nalo likaniudhi.

Wiki zikapita. Tuliamka, tukalima, tukalala, na hapakuwa na sauti ya mtu. Moto wetu ulipozimika tulikula michembe mibichi, ile ya viazi vikavu, unatafuna mpaka taya zinauma. Nilianza kuota kwamba nitakufa nikizaa na hakuna atakayekuja kunizika isipokuwa yule mzee na jembe lake.

Siku moja, mchana, nilikuwa ndani nimejilaza nikasikia hatua zinasimama nje ya ukuta. Kisha kikohozi. Nikajua ni yeye, na nikajua amenipa mgongo, kwa adabu, maana sauti ilikuwa inaelekea uani.

"Mayu," alisema, na hilo kwetu ni mama, ndivyo mzee anavyomwita mkwe kwa heshima. "Nilipochukua lile jembe nilijua kijiji kitanifanya nini. Nilijua pia cheo kimekwisha. Wewe sikukukumbuka. Hata kidogo. Nimekuja kukuambia hivyo, kwa sababu nilipaswa kukuambia kwanza."

Sikumjibu. Desturi ilinikataza. Nilisikia akivuta pumzi, kisha hatua zikaondoka. Sasa, mwanangu, nimesikia viongozi wengi wakihutubia, wengine kwa vipaza sauti. Hakuna aliyewahi kuniingia moyoni kama yule aliyezungumza na ukuta.

Kutoka pale alikwenda kwa Shija. Kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyeruhusiwa kusema nasi, naye ni aliyetengwa kama sisi. Fikiri alivyotembea kwenda kumwomba mama yule, ambaye mwanawe alikufa chini ya sheria yake, aje kumzalisha mkwe wake. Minza mwenyewe alinisimulia baadaye. Alisema mzee alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akaomba msamaha kwanza, na yeye hakumpa. Alimwambia, "Sitakuja kwa ajili yako. Nitakuja kwa ajili yake." Mzee akaitika, akainuka, akaenda zake.

Na Minza akaja. Uchungu ulinishika asubuhi, akawa nami mpaka jua kichwani. Hakuwa mkunga. Alichojua ni kile alichokipitia yeye mwenyewe, basi akanishika mikono na kuniambia kila hatua inayokuja. Mtoto alitoka mzima, wa kiume, akalia. Maziwa yangu yalichelewa. Yake yalikuwa hayajakauka, yalikuwa yamelowesha kanga tangu kile kilio kilipoanza. Alimchukua mtoto wangu akamweka kifuani, akageuza uso kuelekea mlangoni, na akawa hivyo mpaka mtoto akashiba. Mimi nililia, yeye hakulia. Akanirudishia mtoto, akafunga kanga yake, akaenda kwake.

Mavuno yalipofika watu walirudi kutusalimia kana kwamba tulikuwa safarini. Shikamoo mzee, habari za siku nyingi. Hakuna aliyesema pole. Kwenye mkutano uliofuata sheria iliongezwa maneno: mwenye mke katika uchungu asihesabiwe, mgonjwa asihesabiwe, na kuzika ni kwa wote. Walipitisha haraka haraka wakaenda kwenye jambo jingine. Hakuna aliyemtaja mtoto wa Shija. Walimwomba Mzee Mabula arudi kwenye ukuu, naye akasema atatoka kila mwano ukipigwa, ila kusimama mbele basi. Alitimiza hivyo mpaka mauti. Sikumsikia hata mara moja akijisifu kwa siku ile, na sidhani aliona amefanya vizuri. Alijua amechelewa. Minza hakupata mtoto mwingine, na msamaha wake kwa mzee, kama aliwahi kuutoa, mimi sikuusikia.

Basi haya ndiyo ninayokupa. Watu wakiwa na hofu watakuomba sheria kali, na watakupenda ukiwapa. Kabla hujaitamka, mtafute yule mtu mmoja dhaifu kabisa atakayekutwa nayo katika saa yake mbaya, umjue kwa jina, uone kama bado ulimi wako unaweza kuisema. Ukikosea, na utakosea, usijifiche nyuma ya cheo. Nenda kachimbe na yule uliyemuumiza, mchana, wote wakuone, na usitegemee kwamba atakushukuru. Na usiniambie unatafuta maana ya maisha katika makofi ya mkutano. Mzee Mabula alipigiwa makofi siku alipotunga sheria. Siku alipokuwa kiongozi kweli hakukuwa na makofi, kulikuwa na kilio cha mwanamke na udongo mkavu.

Na la mwisho, ambalo wanaume mnalisahau. Ushujaa wako hutaulipia peke yako. Utalipiwa na wanaolala kwako, wanaokupikia, ambao hawakupiga kura.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe masikio kabla ya sauti. Akulinde na watu watakaokuogopa, na akulinde zaidi na wale watakaokusifu. Nyumba yako isikose moto wala mtu wa kuingia. Sasa inuka, uende. Lakini mkutanoni usiende moja kwa moja. Mkeo ana mimba. Pitia kwake kwanza, kaa chini, umwambie unachokwenda kusema, na umngoje akujibu.