Mashine Juu ya Rafu ya Misahafu

Dada yangu mkubwa alipoteza macho kabla hajamaliza kuhifadhi Suratul Mulk. Alitaka aimalize kabla ya kufa, na hilo alilisema bila huzuni, kama mtu anayesema atafyeka chini ya mikorosho kabla haijatoa maua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea, lakini kifua changu siku hizi hakinipi pumzi ya kusoma kwa muda mrefu.

Mpwa wetu, mwalimu wa sekondari, akatuletea kompyuta ya ajabu: kibao kimoja tu, kikubwa kama kipande cha sabuni, hakina kioo wala vitufe. Unachomeka flashi yenye kisomo, unachomeka spika, unakipa umeme kwa waya wa chaji, kinasoma. Alhamdulillahi, tulishukuru sana. Akatuonyesha, kikasoma, akarudi kazini kwake.

Kwa kuwa ndani yake mna maneno ya Mwenyezi Mungu, nilikiweka pale panapostahili, juu kabisa ya rafu, pamoja na misahafu. Soketi iko chini karibu na mkeka, kwa hiyo nilinunua waya mrefu pale sokoni Nachingwea.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Mashine ilisoma aya chache, taa yake nyekundu ikazimika, sauti ikakatika. Baada ya muda ikawaka yenyewe na kuanza tena mwanzo wa sura.

"Mwanzo naujua!" dada akaiambia. "Nenda mbele, bwana wee."

Haikwenda. Nilibadilisha flashi. Nikapunguza sauti ya spika, ikafika mbele kidogo, ikazima. Nikadhani ni umeme wa mji wetu. Nikakifunga kibao kwenye kitambaa safi, pamoja na flashi na spika, nikapanda gari hadi Ruangwa kwa fundi wa simu. Akakiweka mezani, akachomeka waya wake, kikasoma sura nzima huku yeye akitengeneza simu za watu.

"Shehe, mashine iko fiti hii," alisema. "Labda huko kwenu inaona aibu."

Nikarudi nayo. Ikazima palepale. Nikaenda tena Ruangwa. Ikasoma vizuri tena, na fundi akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Mimi sikucheka. Nilitawadha upya kabla ya kuigusa, nikaswali rakaa mbili, nikajiuliza kama nia yangu ina kasoro.

Jioni ile, ilipozima tena nyumbani, dada alisema polepole, "Mdogo wangu, iache. Pengine sijaandikiwa kufika mwisho."

Neno hilo liliniuma kuliko safari zote. Nikampigia fundi simu, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, hata rafu.

"Ngoja, mzee. Waya wako una urefu gani?"

"Unatoka sakafuni mpaka juu ya rafu. Mwembamba, mzuri."

"Basi umeme unaishia njiani. Tumia waya mfupi, mnene. Ishushe chini."

Kuishusha! Nilikata simu. Ningewezaje kuyaweka maneno yale sakafuni, miguuni petu? Dada alikuwa amesikia yote.

"Wewe umefundisha madrasa miaka yote hiyo," akasema. "Msahafu ukitaka kuusoma, unausomea juu ya rafu?"

Nikainuka nikachukua marufaa yetu ya mti, ile tunayowekea msahafu tunapokaa kusoma. Nikaiweka juu ya mkeka karibu na soketi, nikaweka mashine juu yake, nikachomeka waya mfupi wa simu yangu.

Ikasoma. Ikafika pale inapozimiaga, taa nyekundu ikabaki inawaka. Ikapita. Dada aliacha kufuatisha kwa midomo, akawa anasikiliza tu, kwa sababu huko mbele kulikuwa kugeni kwake.

Mpaka leo sielewi umeme unachokaje ndani ya waya. Sura ilipokwisha, dada akaligonga goti langu.

"Rudisha," akasema. "Lakini siyo mwanzo."