Vidole vya Mama na Mashine ya Serikali

Uchumi wa nchi ulipoanguka, sisi wa Garissa tuliuona kwanza kwenye soko la mifugo. Wanunuzi waliokuwa wakija na malori kutoka Nairobi walipungua wiki baada ya wiki, hadi siku moja ya soko mbuzi wakarudi nyumbani na wenyewe bila kuuzwa. Baada ya hapo kila kitu kilifuata. Shule ya kibinafsi nilikokuwa nikifundisha Kiswahili ilifungwa, kwa sababu wazazi wetu wengi walikuwa wakiishi kwa mifugo hiyo. Mke wangu akaanza kupika anjera, mikate yetu ya maji, alfajiri awauzie majirani, lakini majirani nao walikuwa hawana kitu. Nyumbani tulikuwa watu saba, na mkubwa wetu sote alikuwa mama yangu.

Redioni serikali ikatangaza kwamba kila nyumba yenye mzee itaandikishwa, ipewe chakula kila mwezi mpaka hali itengemae. Mimi sikuamini. Ahadi nyingi tulizozisikia huku zilikuwa zikiishia njiani kutoka Nairobi, huko Mwingi.

"Baki na wasiwasi wako," mama akaniambia kwa Kisomali, akijitanda shuka. "Mimi naenda."

Nikamfuata kwa aibu.

Foleni kwenye ofisi ya chifu ilizunguka ukuta mzima. Mwandikishaji alikuwa msichana aliyetoka upande wa Meru, mgeni kabisa huku, na mezani pake palikuwa na mashine ndogo ya kusoma alama za vidole. Mama akaweka kidole gumba. Taa nyekundu. Akaweka tena, ikawa vilevile. Akajaribu cha pili na cha tatu, na mashine ikakataa vyote.

"Mama, vidole hivi ulivifanyia nini?" msichana akauliza.

"Nilifuta maji," mama akajibu kwa Kiswahili chake.

"Ulifuta maji? Wapi?"

"Wajir. Kwa kisima. Miaka mingi."

Msichana akanigeukia, macho yamemtoka. Nikacheka, na nilikuwa sijacheka kwa siku nyingi. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwamba mama huitamka v kama f: hakufuta maji, aliyavuta. Alikulia Wajir, na tangu utotoni hadi siku ya kuolewa aliwavutia ngamia wa baba yake maji kwa kamba. Kamba ile ilikuwa imemlamba vidole vikawa laini kama kioo.

Mtu mmoja nyuma yetu akapaza sauti: "Huyo mzee aondoke! Sisi pia tuna njaa!"

Nilijua utaratibu. Anayekataliwa na mashine huambiwa aende ofisi kuu na barua, kisha aende tena, mpaka achoke mwenyewe. Msichana angeweza kusema hivyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alifunga daftari lake.

"Tutangoja sote kidogo," akawaambia watu.

Akamwomba askari wa mlangoni maji ya moto ya chai, akayachanganya na ya baridi kwenye beseni, akamwosha mama mikono taratibu kwa sabuni, akaikausha kwa leso yake mwenyewe. Kisha akatoa mafuta ya kujipaka mkobani, akampaka kila ncha ya kidole na kuipangusa. Akaanza upya, kidole kimoja kimoja. Kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, taa ikawaka kijani.

"Alhamdulillahi!" foleni nzima ikaitikia, hata yule mwenye njaa.

Mama hakumwachia mkono. Akamwombea dua ndefu kwa Kisomali.

"Anasema nini?" msichana akaninong'oneza.

"Anakuombea mume mwema na ngamia wengi."

"Ngamia nitawaweka wapi, mwalimu?"

Chakula kilikuja kwa kuchelewa, na mwezi mmoja hakikuja kabisa. Siwezi kusema serikali ilitutoa kwenye shida. Lakini mahindi na maharage yale yalitushikilia, na watoto wangu hawakulala njaa. Gunia la kwanza lilipofika, kabla ya kuwasha moto, mama alimpimia mjane wa jirani ambaye jina lake lilikuwa halimo kwenye orodha. Mimi nilikuwa hata sijamkumbuka.

Shule ilipofunguliwa tena, ikiwa na nusu ya wanafunzi, nilirudi ofisi ya chifu kumshukuru yule msichana. Nikaambiwa amehamishiwa Rhamu, mbali huko Mandera, karibu na mto Daua. Dereva mmoja wa lori alikuwa akienda huko, nikamwomba ampelekee salamu za mama. Sikutarajia jibu.

Wiki tatu baadaye dereva aligonga mlango wetu na mfuko wa vitunguu vya Rhamu, vikubwa, bado vina udongo.

"Huyo dada anasema hivi ni vya mama," akatuambia. "Na anasema Kisomali sasa anakijua kidogo."

Mama akavimimina vyote kwenye mkeka, akaanza kuvichagua, akitabasamu peke yake.