Baba Aliyerudi kutoka Ng'ambo

Simu ilimkuta Mama Hakimu kwenye benchi la kliniki ya macho. Muuguzi alikuwa ametoka tu kumtia matone ya kupanua mboni, akamwonya kwamba mpaka jioni ataona ukungu mtupu, asishtuke. Mama Hakimu akajibu kwamba yeye hashtuliwi na maji ya kijichupa. Ndivyo alivyokuwa: mjane wa hakimu, mwalimu mstaafu wa sekondari, mwanamke aliyepiga pasi hata leso ya mkononi, na ambaye vijana wa mtaani walichomekea mashati wakimwona anakuja.

"Mama." Alikuwa mkwewe, akinong'ona. "Katoka."

"Nani katoka? Sema kwa sauti."

"Siwezi. Nimejifungia bafuni. Mwanao, mama. Katoka gerezani. Kaja hapa, kagonga, kapiga mluzi wake ule ule. Sikufungua."

"Bado yupo?"

"Kaondoka. Mama, Kinda yuko shule."

Kinda alikuwa mjukuu wake wa pekee, mtoto mwembamba wa darasa la tatu, macho makubwa kuliko uso, ndiyo maana wakambandika jina hilo. Siku baba yake alipompiga mama yake kwa mguu wa kiti, Kinda alikuwa chini ya meza ya chakula. Alibaki humo mpaka majirani walipovunja mlango, na hata walipomwita hakutoka. Ilibidi meza ibebwe, yeye abaki amejikunyata pale pale sakafuni kama kitu kilichosahauliwa. Mama mtu alipona, ila mguu mmoja haukurudi kuwa mguu. Baba mtu akafungwa. Mama Hakimu akauza nyumba, akawachukua mkwe na mjukuu, akahamia mji mwingine, na mdomo akaufunga. Aliyeuliza habari za mwanawe aliambiwa yuko masomoni ng'ambo. Hata jamaa wa mbali waliambiwa hivyo, na bila shaka ni mmoja wao aliyemwelekeza mwanawe nyumba na shule, akidhani anatenda wema.

Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba mali ya mtu huliwa na nondo, lakini jina lake huliwa na ndimi, na ndimi hazishibi. Mama Hakimu aliyashika maneno hayo kama wasia.

Akapiga simu shuleni. Akapokea karani, mwanamke mchangamfu ambaye hata tangazo la msiba angelisoma kama la harusi.

"Mama Hakimu! Hongera jamani, mgeni wenu kafika! Na suti yake, na mfuko wa zawadi. Yaani ukisikia ng'ambo ndiyo hiyo! Yuko kwa Mwalimu Mkuu, anakunywa chai."

"Sikiliza," akasema. "Msim..."

Kushoto kwake alikaa mke wa mfamasia, aliyekuwa akimsimulia tangu asubuhi ndoa za mabinti zake wote. Sasa alikuwa kimya, na kimya chake kilikuwa na masikio. Kulia kulikuwa na watu wengine, vivuli tu, lakini vivuli vilivyoacha kukohoa.

"Mama? Tusifanye nini?"

"Mwambieni anisubiri," akasema Mama Hakimu kwa sauti yake ya kawaida, ile iliyonyooka kama rula. "Nakuja, tutaondoka wote."

"Haya mama. Ila ana haraka kidogo, anasema ana safari na mtoto."

Hata leo Mama Hakimu hawezi kueleza jinsi alivyotoka kliniki. Jua la nje lilimpiga usoni kama unga uliomwagwa. Akapapasa gari la kwanza, akafungua mlango.

"Mama, hili ni la wagonjwa," sauti ikamwambia. "Teksi ni hiyo ya nyuma."

Dereva wa teksi alimtazama kwenye kioo. "Mama, unalia. Kuna msiba?"

"Ni dawa ya macho. Twende."

"Dawa gani hiyo inayotetemesha na mikono?"

"Wewe endesha gari, mwanangu. Endesha tu."

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake siku ile haikuwa na mwisho. Taa za barabarani aliziona kama madoa ya rangi yaliyoloa, na katika kila doa aliona kitu kimoja: siku alipokwenda kumwandikisha Kinda.

Aliyewapokea siku hiyo alikuwa mwalimu wa ushauri, binti mdogo ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Pole, kwa kuwa hata mtu akiangusha kalamu humwambia pole. Alikuwa amemuuliza kwa upole wake huo: "Mama, kuna jambo lolote lililompata mtoto, ambalo tukilijua litatusaidia kumtunza?"

"Nyumbani kwetu hakujatokea kitu."

Mwalimu Pole hakubisha. Alieleza tu kwamba faili la mtoto aliyepatwa na mazito huwa na sehemu mbili. Ya kwanza husomwa na walimu wote, nayo haisemi yaliyotokea, inasema mtoto anahitaji nini: akae karibu na mlango, asiguswe kwa nyuma, aambiwe mapema kengele ikikaribia kulia. Ya pili ndiyo inayosema sababu, na inasema pia nani asiruhusiwe kumchukua. Hiyo hufungiwa kabatini, na ufunguo anao yeye na Mwalimu Mkuu tu.

"Kabati zina funguo, mwanangu," Mama Hakimu alisema, "lakini watu hawana. Andika: baba yuko masomoni, ng'ambo." Na kwa mazoea ya ualimu akachungulia kuona kama king'ong'o, kile kialama cha juu cha ng', kimewekwa mahali pake.

Baadaye Mwalimu Pole alikuja mpaka nyumbani. Seremala wa shule alikuwa amepita kwenye ukumbi akipiga mluzi, Kinda akaingia chini ya dawati, na ikachukua kipindi kizima kumtoa. Mwalimu alitaka kujua kama kuna mluzi wowote mtoto anaoukumbuka. Mama Hakimu alimkaribisha chai, akamwambia kwamba mtoto ana woga wa kuzaliwa nao. Ukoo wa mama yake wote wako hivyo. Mkwe alikuwa jikoni na alisikia.

Teksi ikasimama. Mlinzi akafungua geti kwa bashasha. "Karibu, Mama Hakimu! Leo ni sherehe kwenu!"

Alipita ukumbini akiuegemea ukuta, akihesabu milango kwa kiganja. Mlango wa Mwalimu Mkuu ulikuwa wazi, na kabla hajaufikia akausikia: mluzi mwepesi, wa mtu aliyeshiba. Mumewe alipokuwa hai, wimbo huo ulikuwa ukitangulia mlangoni kila jioni mwana wao aliporudi, nao walicheka wakasema kijana ana furaha. Hawakuuliza kwa nini mkwe, akiusikia, alisimama ghafla akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha pangwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mdomo wake ukajibu wenyewe.

Hakumwona. Aliona kitu kirefu cha kijivu kikiinuka kutoka kwenye kiti, kikimjia, kikamkumbatia kwa mikono miwili. Hakuwa na harufu yake ya zamani. Alinukia sabuni ya kufulia. Kwa pumzi moja tu alikuwa mwanawe, yule aliyemnyonyesha, na hilo ndilo lililomwogopesha kuliko yote.

"Mama Hakimu, kaa, kaa," alisema Mwalimu Mkuu, mtu mnene wa sauti ya ukarimu. "Tumemwambia baba asubiri kidogo, maana Mwalimu wetu wa ushauri hapa ameng'ang'ania. Eti mtoto anamalizia jaribio!"

"Anamalizia," ilisema sauti ya Mwalimu Pole kutoka pembeni. Haikuwa na upole hata chembe.

"Mwalimu, baba mtu katoka ng'ambo, wewe unamweka na jaribio? Jina liko kwenye faili. Kitambulisho ni chake. Bibi mwenyewe huyu hapa. Hebu kamlete mtoto."

Hakuna aliyesogea. Mama Hakimu alijua wote wanamngoja yeye.

"Nipeni karatasi," akasema. "Kuna jambo nataka kuliandika."

Maana akiandika, angelisoma mmoja, au wawili, kisha lingefungwa kabatini. Wakampa karatasi na kalamu. Akainama. Karatasi ilikuwa mwanga mtupu. Hakujua inaanzia wapi wala meza inaishia wapi. Akaandika neno moja, kalamu ikatelezea kwenye mbao. Akajaribu tena. Nyuma yake karani alikuwa ameingia na birika, na mlangoni kulikuwa na miguu ya mtu mwingine, mzazi labda, aliyekuja kwa shughuli zake.

"Mama, usijisumbue," alisema mwanawe, na akacheka kile kicheko chake kizuri. "Tazama mboni zake, Mwalimu, wamemtia dawa machoni. Mama'angu mtu mzima sasa. Hata mimi hanioni."

Kalamu akaiweka chini.

"Sikuoni," akasema. "Lakini nakujua."

Akageukia upande aliodhani yupo Mwalimu Mkuu, na pengine alikuwa akiongea na kabati. "Mwanangu hakuwa ng'ambo. Alikuwa gerezani. Alimpiga mkewe kwa mguu wa kiti mpaka tukadhani amekufa, na mtoto huyu alikuwa chini ya meza, anatazama. Hana masomo. Uongo huo niliuandikisha mimi, kwa mdomo wangu. Msimpe mtoto."

Kifuniko cha birika kikalia.

"Mnaona?" alisema mwanawe, taratibu, kwa masikitiko. "Umri huu. Kachanganyikiwa, masikini. Mwalimu Mkuu, wewe ni mwanaume mwenzangu. Mama kama huyu angekuwa na mwana mfungwa, mtaa si ungejua?"

Na Mwalimu Mkuu akasita. Mama Hakimu alisikia kusita kwake kwenye kiti kilicholia. Hapo ndipo hofu ilipomshika hasa, kwa maana alielewa kwamba ameujenga uongo wake vizuri mno, matofali kwa chokaa, na sasa hata yeye mwenyewe hawezi kuubomoa.

"Mama," alisema Mwalimu Pole. "Nina swali moja. Huyu baba, huwa anapiga mluzi?"

"Kila anapoingia nyumbani. Tangu ujana wake. Ule aliokuwa anaupiga nilipofika."

"Aliupiga pia alipopita ukumbini, anakuja huku," mwalimu akamwambia mkuu wake. "Kinda akaniwekea kadi yake mezani, ile tuliyokubaliana aitoe akiogopa, akatoka bila kukimbia, akaenda chumba cha utulivu. Hakuna jaribio. Nilidanganya. Lakini habari za mluzi nilishaziandika, na ulizitia saini, kabla hatujamwona baba huyu wala kusikia neno lolote la gereza."

Kiti kililia tena. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama.

"Karani," akasema, na ukarimu wote umemtoka sautini, "piga simu polisi. Na wewe, bwana, mfuko wako huo hapo."

Kitu kirefu cha kijivu kikamwinamia Mama Hakimu sikioni. "Umeliua jina la baba, mama," kikasema. Nyayo zikatoka, hazikuwa na haraka. Mluzi ukaanza ukumbini, ukapita madirisha moja baada ya jingine, ukaisha.

Walimpeleka chumba cha utulivu wakiwa wamemshika mkono. Kilikuwa chumba kidogo chenye mkeka na mito, na meza moja iliyofunikwa kitambaa mpaka chini. Mwalimu Pole akamkalisha kitini, akatoka, akasimama nje ya mlango.

"Kinda."

Kitambaa hakikutikisika. "Bibi, kaondoka?"

"Kaondoka."

"Unasema kweli, au unasema kama ng'ambo?"

Mama Hakimu alikuwa amejibu maswali ya wakaguzi, ya mawakili, ya wake za majaji. Hili halikuwa kama yale. Alitaka kusema hatarudi tena kamwe, lala salama. Lilikuwa tayari ulimini, tamu.

"Kweli. Leo kaondoka," akasema. "Kesho sijui. Naogopa, mjukuu wangu. Lakini walimu wote wamejua sasa. Nimewaambia."

Kisha mkono mdogo, baridi, ukatoka chini ya kitambaa ukashika kidole chake.

"Bibi, macho yako yamekuwa meusi yote."

"Ni dawa. Sioni mbele. Itabidi uniongoze."

Mtoto alifikiri. Akatoka mwenyewe. Hakuna aliyebeba meza.

Mama yake Kinda alikwisha kusema kwa simu kwamba polisi wako nyumbani. Kwa hiyo wakatoka, mtoto mbele, bibi nyuma, kila baada ya hatua chache Kinda akisimama kusikiliza, na bibi akisikiliza naye. Getini palikuwa na wazazi waliokuja kuchukua watoto. Mama Hakimu hakuwaona nyuso, lakini alisikia salamu zao za heshima, na akajua baadhi ni majirani.

"Mama Hakimu," mlinzi alimwita, "mbona yule mzee wa ng'ambo kaondoka peke yake?"

Mazungumzo yakapungua. Kidole chake kikabanwa.

"Hakuwa ng'ambo," akasema, na sauti ikatetemeka mbele za watu wote, naye akaiacha itetemeke. "Alifungwa kwa kumpiga mama wa mtoto huyu. Akirudi, usimfungulie."

Mlinzi akalisogelea geti lake. "Na akiniuliza kwa amri ya nani?"

"Mwambie mama yake kakataza."