Pikipiki ya Mama Nelly Iliyotikisa Mkia

Pale Kahama, kwenye mashine za kukoboa mpunga, hakuna aliyethubutu kumchelewesha Scolastika, Mama Nelly. Mwepesi wa miguu, na wa mdomo zaidi. Alikuwa na pikipiki moja, akamkabidhi mkwewe Valerian, mume wa Nelly, abebe abiria na magunia yake ya mchele. Na mkwe kwa Wasukuma si mtu wa kuzoeana naye. Hamli sahani moja, hampeani mkono. Hata funguo za pikipiki mmoja huziweka juu ya siti, mwenzake akaziokota.

Basi pikipiki ikaanza kutikisa mkia. Ukikata kona, tairi la mbele lina safari yake na la nyuma lina yake, kama ndoa iliyochoka. Mama mmoja mwenye kapu la dagaa alishuka katikati ya njia, akasema bora atembee. Habari zikamfikia Mama Nelly kabla dagaa hawajafika sokoni.

Angemtuma Nelly akaulize, ndiyo desturi. Hakumtuma. Alikwenda mwenyewe kijiweni, madereva wamejaa, akafungua kinywa.

"Wewe Valerian! Nimekupa chombo ubebe watu, wewe unawabebea wachimbaji mawe ya dhahabu kupeleka karasha yakasagwe! Mchele unavunja pikipiki mgongo? Ningejua mapema! Hata ng'ombe wako wa mahari walikuja wamekonda kama baiskeli!"

Madereva wakageuza nyuso. Kumwita mkwe kwa jina, tena kwa kelele, tena mbele ya wenzake!

Valerian aliinamisha kichwa. "Nimesikia, mama." Akaweka funguo juu ya siti, akaondoka kwa miguu.

"Mayu, mama yangu," dereva mmoja, Edson, akasema taratibu, "leo umemvua mtu nguo."

"Akavae! Nawe nisukumie hii kwa fundi."

Fundi Nuruddin aliisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akashika tairi la nyuma, akalitikisa kushoto na kulia. Ko, ko, ko.

"Tairi halina neno. Huu mkono unaolibeba ndio unacheza."

"Si nilisema? Mawe!"

"Ngoja tufungue, mama."

Akatoa mnyororo, akatoa tairi na shokapu, akaigonga ile boliti ndefu mpaka ikatoka. Mahali pa bushi, kile kikombe kinachouzuia mkono usicheze, pakadondoka kipande cha mpira wa kijani, kimetafunika kama kapi la muwa.

Mama Nelly alikitambua papo hapo. Wakati wa mavuno bushi iliisha, duka la vipuri limefungwa, na yeye anauwahi mnada. Fundi alimwambia asubiri kesho. Asubiri, yeye! Alivua kandambili yake, akaikata kwa kisu cha kufungulia magunia, akasema, "Pachika hii, twende." Akapanda nyuma ya kijana aliyemwendesha siku ile, mguu mmoja peku.

"Nilikwambia haitadumu," fundi alisema. Hakucheka. Mama Nelly alitamani acheke. "Mkweo alikuja juzi, anasema inacheza. Nikamweleza chanzo. Akaniambia, 'Sasa nitamwambiaje mama mkwe kwamba ni kandambili yake? Acha, nitaendesha polepole.'"

Mama Nelly aliketi juu ya tairi bovu, masikio yanamwaka. Kumbe pale kijiweni alijua! Alisimama akatukanwa naye anajua, akameza yote kwa ajili ya heshima ileile aliyokuwa anaikanyaga yeye.

Fundi alitia bushi mpya, akapaka grisi, akakaza nati. Akatikisa tena tairi. Kimya.

Wazo la kumtuma Nelly akaombe radhi lilimjia, akalifukuza. Tusi lilitoka mbele ya watu, lazima lirudi mbele ya watu. Akaikokota pikipiki mpaka kijiweni, maana kuendesha hajui.

Valerian alikuwa amekaa juu ya pikipiki nyingine, nyekundu. Alishuka upesi, akachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akageukia kijiwe kizima. Madereva wanamtazama. "Ni kandambili," akasema. "Mimi ndiye niliyeitia humo ndani. Mkwe wangu hakubeba jiwe lolote. Na... na ng'ombe walikuwa wanene."

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Yameisha, mama," Valerian alisema.

Mama Nelly akaweka funguo juu ya siti, akarudi nyuma kidogo. Valerian alizitazama, hakuziokota.

"Akida, mwenye hii nyekundu, amenipa chombo chake, mama. Nimeshampa neno langu."

Alilisema kwa upole, macho chini. Mama Nelly alitafuta hasira ndani ya maneno yale, apate cha kujibu. Hakuipata. Abiria akaita, Valerian akaaga kwa adabu, akaondoka.

"Mayu, nikuendeshee mpaka nyumbani?" Edson aliuliza.

"Acha."

Akashika usukani, akaikokota kupitia njia ya sokoni, ambako kila mtu alishajua. Walimsalimia kushoto na kulia, naye aliitikia salamu tu, bila neno la ziada.