Maji Iko?

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na kila ninaposikia gari likipanda mlima huku linahema, naiona tena yote kuanzia asubuhi. Nimechoka siku hizi. Magoti yamechoka, macho yamechoka, hata hamu ya kusema-sema imenipungua. Lakini juzi nilikuona umepewa funguo za gari, unazizungusha kidoleni na kupiga mluzi, nikajiona mimi mwenyewe. Kaa hapa kidogo. Sitakuchelewesha sana.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Kaka yangu mkubwa alinunua Hiace, akanikabidhi niwe shofere, nitoe watu Beni niwapeleke Butembo na kuwarudisha. Basi nikajiona nimefika! Nilikuwa naiosha asubuhi na jioni, rimu zinang'aa, viti nimevivika vitambaa alivyodarizi dada yangu. Ila kapo, kile kifuniko cha injini, nilikuwa naifungua kutia maji tu. Nilijua ndani kuna radiatere, nilijua inataka maji, na hapo ndipo elimu yangu ilipoishia.

Ile radiatere ilikuwa inadondosha. Tone moja, tone lingine, chini upande wa kushoto. Kila asubuhi naongeza maji ya mto, ya mfereji, yoyote yaliyo karibu, naondoka. Lakini tukifika kwenye vilima, ule mshale wa moto mbele ya usukani ulikuwa unapanda, na abiria wa mbele wanauona. Siku moja mama mmoja wa sokoni alipiga kelele gari zima likasikia: "Shofere! Mushale iko napanda! Unataka kutupasua hapa?" Watu wawili wakashuka wakangoja gari lingine. Niliona aibu, nakwambia. Sasa nikafanya nini? Nikatafuta karatasi ya gundi, zile za maandishi mekundu, imeandikwa "Mungu Ni Mulinzi", nikaibandika juu ya mshale. Ikaenea vizuri kabisa. Abiria wakayapenda yale maandishi, na kelele zikaisha.

Ndipo habari ikaja. Ilipitia kwenye redio ya mapadri, kwa maana simu za mkononi hazikuwapo. Mama Masika, dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa mgonjwa sana kule Luofu, kusini ya Lubero, na anamwita mdogo wake. Ujue, mama yangu alifiwa na mama yake kabla hajaota meno yote. Aliyembeba mgongoni, aliyemlisha, aliyempeleka shule, ni huyo Masika, na yeye alikuwa msichana mdogo tu. Mama alipopata habari alikaa chini palepale jikoni, mwiko mkononi. Kisha akainuka, akafunga kitenge, akasema, "Kambale, unipeleke. Nataka nimukute."

Usiku ule akajaza kidumu cha mawese.

Tulitoka Bungulu, pale Beni, jua likichomoza. Alikaa mbele pembeni yangu, na kidumu cha mawese kati ya miguu yake, kwa sababu Mama Masika alipenda mawese ya Beni kupita ya sehemu yoyote. Akaniuliza, "Gari iko muzima?"

"Iko muzima, mama. Hapana waza."

Akaitazama ile karatasi, akaisoma polepole kwa sauti, akafanya ishara ya msalaba. Ee Mungu wangu! Nikikumbuka hilo hata leo linanichoma.

Butembo nilisimama kwa Mzee Saidi nitie hewa kwenye tairi. Mzee Saidi alikuwa mekanisie, fundi wa magari, Mwislamu mpole asiyependa maneno mengi, gereji yake haikuwa hata na ukuta. Kila gari lililosimama pale aliliinamia kwanza, aangalie chini yake, halafu ndipo akusalimie. Akaliona lile tone. Akaligusa, akanusa kidole chake.

"Kambale, huu mupira wa maji, wa chini ya radiatere, umepasuka. Acha nikate, nifunge upya, nijaze maji muzuri. Nusu saa tu."

"Muzee, tuko haraka. Tena tunaenda Lubero, kule ni baridi. Injini itachemka namna gani mu baridi?"

Akanitazama. "Nani alikuambia hiyo?"

Nikacheka. Hakuna aliyeniambia. Mashofere wote wa huku juu walikuwa wanaamini hivyo: Beni ni joto, chunga maji, ukishapita Butembo, mlima utakupozea gari bure. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Kambale, si umusikilize muzee?" Na mimi, kichwa ngumu, nikamjibu mbele za watu: "Mama, unataka kufika ao unataka kukaa?" Akageukia dirishani. Nikawasha gari.

Milima ya kwenda Lubero ilikuwa na ukungu mzito. Mama alijifunika kitenge mpaka masikioni. Gari linapanda na gia ya pili, kilima kikiisha kingine kinaanza, na mimi nafurahia baridi. Kwanza nikasikia harufu, kama chungu kilichokaukia motoni. Nikasema labda kuna mtu anachoma majani shambani. Halafu injini ikaanza kugonga. Halafu moshi mweupe ukapanda mbele ya kioo, barabara sikuiona tena.

Hapo badala ya kutulia nikaongeza makosa. Nilifungua bushoni, kile kifuniko cha radiatere, na maji bado yanachemka. Yakaruka, yakanichoma mkono huu. Unaona kovu? Kwa maumivu na hasira, nikachota maji ya kijito kilichopita pale, ya baridi kali, nikayamwaga yote ndani. Injini ikalia kah! mara moja tu. Kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka. Nilijaribu kuwasha tena na tena mpaka betri ikafa.

Mama alishuka, akakaa juu ya jiwe, kidumu cha mawese mapajani. Malori mawili yalipita yamejaa watu mpaka juu, hayakusimama. Kila likija lingine alikuwa anainuka, anajipangusa kitenge, anakaa tena. Mpaka jua likazama. Mama mmoja wa kijiji kile akatuonea huruma, akatulaza kwake. Asubuhi tukapata lori lililokuwa linaenda kuchukua viazi.

Tulifika Luofu saa nane mchana. Tukakuta wanawake wameketi chini nje ya nyumba. Mama akashuka na kidumu chake. Mkwe wa Mama Masika akaja, akamshika mikono yote miwili.

"Jana yote alikuwa anauliza: Kahindo, mudogo wangu, amefika? Leo asubuhi akauliza tena. Tukamuambia, iko njiani. Akasema, bon, nimungoje. Ilikuwa saa mbili. Pale njo akakata roho."

Mama akaweka kidumu cha mawese kizingitini, akaingia ndani. Mimi nilibaki nje nimesimama, na mkono wangu uliofungwa kitambaa. Nilitamani atoke anipige kofi. Nilitamani anitukane, aniite mpumbavu mbele ya ukoo mzima. Hakunitukana siku ile, wala siku nyingine.

Mzee Saidi ndiye aliyeniambia ukweli. Gari lilipovutwa mpaka Butembo, aliingia ndani, akaanza kuibandua ile karatasi na ukucha, pole pole. Mshale ulikuwa umelala kule mwisho kabisa, kwenye nyekundu, umekwama.

"Unaona?" akasema. "Huyu alikuwa anakuita. Wewe ukamufunga mudomo na jina ya Mungu."

Nililia, mwanangu. Kijana mzima, mbele ya watu wa gereji, nililia kwa kwikwi. Aliniacha nilie mpaka nikatulia, halafu akanionyesha. "Baridi ya inje haiingie mu injini yenyewe. Inabebwa na maji. Maji inatoka kwa injini na moto yake, inapita mu radiatere, upepo inaipoza, inarudia. Maji ikiisha, hata upeleke gari kwenye barafu, itaungua tu." Sentensi nne hizo. Ningezisikia wiki mbili nyuma, mama angemkuta dada yake.

Nilikaa pale gereji kwa Mzee Saidi muda mrefu, nikajifunza. Nikarudi barabarani, nikaendesha mpaka mvi zikanijaa. Na mama, kila alipopanda gari langu, kabla hajafunga mlango, alikuwa anauliza neno moja: "Kambale, maji iko?" Alimuuliza hata shofere wa padri. Alimuuliza kijana wa pikipiki kule Beu, mtaa mwingine wa Beni, kijana akacheka, "Mama, pikipiki haina maji!" Naye akashuka, akasema atatembea kwa miguu. Tulicheka sana nyumbani, na yeye akacheka. Lakini mimi nilikuwa nikicheka naangalia pembeni.

Mara ya mwisho, tukienda hospitali, nilimbeba mimi mwenyewe nikamlaza kiti cha nyuma, mwili wake umekwisha kuwa mwepesi kama wa mtoto. Nikadhani amelala. "Kambale, maji iko?" Nikamwambia, "Iko, mama." Akasema, "Basi twende." Sijui kama alishanisamehe. Sikuwahi kumuuliza, niliogopa, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo sikia, maana nguvu ya kurudia sina. Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, fungua kapo. Angalia maji kwenye radiatere na kwenye ile chupa yake pembeni. Tia maji safi, na ukiweza yale ya rangi yanayouzwa dukani, kwa sababu yanazuia kutu. Maji ya mfereji yanaacha tope ndani mpaka njia za maji zinaziba. Bonyeza mipira yote ya maji kwa mkono, ule uliolegea au uliopasuka badilisha siku hiyohiyo. Angalia mkanda unaozungusha feni. Matope yetu haya yanajaza matundu ya radiatere huko mbele, yaoshe taratibu, usipige maji kwa nguvu ukakunja mabati yake. Mpira wa bushoni ukichakaa, nunua bushoni mpya, ni kitu kidogo. Na mtu akikuambia atoe kalorista, kale kamlango kanakofunguka maji yakipata moto, eti hatukahitaji, mwulize kwa nini walioitengeneza gari walikaweka.

Mshale ukipanda, simama. Najua njia zetu za leo, najua kuna mahali mtu hataki kusimama hata dakika moja, na ndiyo sababu uangalie kabla hujatoka nyumbani. Ukisimama, zima injini, ngoja. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kapo na usikitoe. Usiguse bushoni kabla ya hapo. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Mtu mzima akikuomba nusu saa, mpe.

Na kitu chochote kinachokuambia habari mbaya, mwanangu, usikifunike. Mshale, mke, mtoto, mwili wako mwenyewe. Mimi nilifunika, na nimekuwa nabeba hilo tangu ujana wangu mpaka leo nimekaa hapa.

Haya, inuka, nenda. Kesho unampeleka mama yako Butembo, najua, ameshapanga vitu vyake mlangoni tangu asubuhi. Mungu akutangulie kwenye kila kilima. Akupe masikio mimi niliyoyakosa. Akufikishe, na wanaokungoja awape pumzi mpaka wakuone ukiingia.

Lakini kwanza nijibu, maana mama yangu hayupo wa kukuuliza. Maji iko?