Kosa la Ubeti wa Pili

Dancan alikuwa na kinyaa cha aina yake. Wali uliolala kwenye friji la watu wanane kule International City, mtaa wa Dubai alikopanga, aliula bila kukunja uso. Kilichomtapisha ni gitaa la uongo.

Mlinzi huyu, mzaliwa wa Kitale, aliipenda bendi ya Uingereza iitwayo Wet Matches tangu kanda yao ya kwanza, mwaka 2003. Jina lenyewe maana yake viberiti vilivyolowa, lakini enzi hizo waliwaka kwelikweli: vijana wanne, magitaa yakikwaruza kama mabati yanayoburutwa, mwimbaji akifoka kama aliyenyang'anywa shamba. Dancan alijifunzia gitaa kwenye kanda hiyo. Katika wimbo wa mwisho, ubeti wa pili, kidole cha mpiga gitaa kiliteleza, uzi ukalia kwii. Hawakulifuta kosa lile, naye akalipenda kuliko wimbo, maana lilimwonyesha kwamba pale palikuwa na mtu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Albamu ya pili ikaja na kinanda. Dancan akasema sawa, kinanda nacho ni chombo. Ya tatu, ngoma zikapigwa na kompyuta. Ya nne aliisikia Dubai, ndani ya lifti, kwenye tangazo la manukato, mwimbaji akinong'ona kama anaogopa kuamsha mtoto. Ptu! Alishuka ghorofa ya tatu akapanda ngazi.

Mwaka 2016 bendi ikaletwa Dubai kwenye tamasha la alasiri, na kampuni ya kina Dancan ikapewa ulinzi. Akaitoa ofu yake, siku yake ya mapumziko, ili awekwe mbele ya jukwaa. Alitaka jambo moja tu: asikie wimbo ule ukipigwa kwa vidole, ajue kwamba miaka kumi na mitatu ya mapenzi yake haikuwa upumbavu.

Lakini mlinzi wa mbele ana sheria yake: macho kwa watu, mgongo kwa jukwaa. Basi akasimama akitazama nyuso zilizoiva kwa jua, huku masikio ameyaacha nyuma.

Wimbo ukaanza. Ubeti wa pili ukafika: kwii! Palepale, urefu uleule, kama kwenye kanda. Dancan akageuka. Mpiga gitaa alikuwa ameinua mikono anawapigisha watu makofi, gitaa linaning'inia mgongoni.

Amour, msimamizi wao kutoka Unguja, akamjia mbio. "Wewe! Nani kakwambia ugeuke?"

"Boss, ile gitaa inajipiga yenyewe."

"Yakuhusu nini? Yalla, nenda kalinde vyoo."

Akaenda. Huko, anaapa, hewa ilikuwa safi zaidi.

Ijumaa iliyofuata, siku ya mapumziko kule, alikuwa kwenye ibada, katika ukumbi wa kukodi Bur Dubai, ambako yeye ndiye mpiga gitaa wa kwaya. Miaka minne alikuwa akiteleza kwa makusudi kwenye ubeti wa pili wa wimbo wa sifa, kwii, kwa heshima ya wale Waingereza. Leo kidole chake mwenyewe kilimchefua. Hata mimi naiga kanda, aliwaza, tofauti yetu iko wapi? Akapiga ubeti safi, bila doa.

Kwaya haikuimba. Watu ishirini walimtumbulia macho, midomo wazi.

Severina, kiongozi wao, Mhaya wa Bukoba, akamwinamia. "Kaka Dancan, mbona hujateleza? Si ndo tunapoingilia hapo?"

"Lile lilikuwa kosa, dada."

"Kosa gani? Sisi tunavutia pumzi hapo. Hebu rudia."

Kinyaa kikampanda, kwa wale Waingereza na kwa nafsi yake. Akaanza upya huku amekunja uso. Safari hii hakukusudia, kidole kikateleza kabla ya wakati, kwa sauti mbaya ambayo haimo kwenye kanda yoyote. Kwaya ikaingia papo hapo.