Waya wa Babu Haukuharibika

Jamani, leo nimegundua marehemu babu alitudanganya miaka yote.

Gari yake inauzwa. Mnunuzi alikuja kwetu Kikwajuni akasema haichukui mpaka kruzi ifanye kazi, kile kitufe kinachoshika mwendo bila kukanyaga mafuta.

Babu alituambia imeharibika. Tukirudi kutoka Makunduchi, alikuwa akishuka huku anasugua goti kwa kukanyaga mafuta njia nzima.

Baba akanipa tochi na mita ya kupimia umeme. "Si wewe uliyependa fizikia?"

Mnanijua nilivyo na haya. Nikajificha chini ya usukani.

Fyuzi nzima. Swichi nzima.

Kumbe waya mmoja ulichomolewa makusudi, ncha ikafungwa kwa kipande cha kanga!

Bibi alipokiona alicheka mpaka akajifuta macho.

"Kanga yangu hiyo! Nilimwambia gari ikijiendesha, mimi nashuka. Kesho yake akaniambia imeharibika, nikajua Mungu kanisikia. Kumbe yeye!"

"Niunganishe, Bibi?"

Akaninyooshea mkono.

"Unganisha, mjukuu wangu. Kitambaa nipe."

Mnunuzi akaijaribu hadi Mpendae, ikashika mwendo. Gari imeshaondoka.

Bibi kakifunga kile kitambaa kwenye pindo la kanga aliyovaa. Ananiuliza, "Goti lilikuwa likimuuma sana?"

Nyinyi mngelimjibu nini?